Bomba la Nne

Mwezi uliopita fundi mmoja alikuja kunifungia gata za plastiki na mabomba yake ya kushushia maji hapa kwangu Geita. Alimaliza kuta tatu kabla ya chai, akashuka kwenye ngazi akipangusa mikono, akaniambia, "Mama, hizi ukishafunga umesahau. Hazishiki kutu, hazitaki rangi, hazitaki chochote." Nikamshukuru. Alipoondoka nikajikuta nimesimama ukutani, nimekunja kidole, nagonga bomba lile jeupe. Lilitoa sauti ya ndoo tupu. Jirani alikuwa anaanika nguo na ananitazama, nikaona haya kidogo, nikaingia ndani.

Wewe tunajuana siku nyingi, lakini hili sijawahi kukusimulia.

Nililelewa Shinyanga mjini, katika nyumba ya ghorofa iliyojengwa enzi za ukoloni na mfanyabiashara wa pamba. Mama yangu alikuwa huku Geita, akiwapikia wachimbaji na kuwauzia chakula, na machimboni si mahali pa kulea mtoto wa kike, kwa hiyo aliniacha kwa wazazi wake. Babu nilimwita Guku, kama Wasukuma tunavyowaita babu zetu. Alikuwa mpima pamba wa yule mfanyabiashara kwa miaka mingi, na tajiri huyo alipohama nchi nyumba ikabaki kwa Guku. Yeye na Bibi walikaa juu. Vyumba vya chini waliwapangisha watu.

Ilikuwa nyumba ya kizamani kwa kila kitu. Ngazi za mbao zilizolia ukikanyaga, madirisha yenye mbao za kupitisha upepo, na kuta nene za tofali za kuchoma zilizoshikiliwa kwa udongo badala ya saruji. Lakini watu waliopita njiani walitazama mabomba. Yalikuwa matano, meusi, manene kama paja langu la wakati ule, yakishuka kutoka paani hadi chini. Yalikuwa ya chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kila kipande kilikuwa na masikio mawili ya kukishikilia ukutani kwa misumari minene. Manne yalileta maji ya mvua kwenye tangi lililochimbwa chini ya ua. La tano lilitoka choo cha juu kwenda kwenye karo.

Unajua mvua za Shinyanga. Zinakuja kwa kusuasua, zinaondoka bila kuaga. Tangi lile ndilo lililotuvusha kiangazi, sisi na wapangaji, na majirani waliokuja na ndoo bomba la mtaani likikauka. Kwa hiyo Guku aliyatunza mabomba yale kama wenzake walivyotunza ng'ombe. Mwenyewe hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa Msukuma wa umri wake hilo lilisemwa.

Kazi ilifanyika mara moja kwa mwaka, Oktoba, joto likiwa limepasua ardhi yote ya mbugani na kabla ya wingu la kwanza. Alianza juu, akitoa majani na viota vya ndege kwenye vikombe vya chuma vilivyopokea maji ya gata. Kisha akashuka na brashi ya waya akikwangua kutu. Vumbi lake jekundu liliingia puani na kukaa siku mbili. Panapo kiungo kilicholegea alipachika katani iliyochovywa lami ya moto. Lami ilichemka kwenye kopo la maziwa juu ya mafiga, na Bibi alilalamika kila mwaka kwamba matobolwa yake, vile viazi vikavu vya kuchemsha, yananuka kama barabara ya lami. Tuliyala hivyohivyo, na karanga. Mwisho ilikuja rangi: mkono mmoja wa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili ya nyeusi.

"Kutu haianzi usoni," alikuwa akisema. "Inaanza kisogoni." Alikuwa na maana ya upande wa nyuma wa bomba, ule unaotazama ukuta, ambako brashi haifiki vizuri na mtu mvivu hapaki rangi kwa sababu hakuna atakayeona. Alipachunguza kwa kioo chake cha kunyolea ndevu, akikiingiza kati ya bomba na ukuta. Nilipofika miaka saba nikawa mshika kioo.

Nilipofika miaka tisa, kioo hakikuwa na kazi tena. Presha ya macho ilimla Guku polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, hadi akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Bibi alimwambia sasa aachane na mabomba, watafute mtu. Alikataa. Alisema macho yalikuwa anasa, kazi yenyewe ni ya masikio. Na kwa kiasi fulani alisema kweli. Bomba la chuma cha kusubu likiwa zima, ukiligonga kwa nyundo ya mti linalia kama kengele ndogo, na sauti inakawia. Likiwa na ufa, hata ufa wa unywele, linakohoa. Hata mtoto anaweza kutofautisha.

Basi mimi nikawa mgongaji. Yeye alikaa kwenye kigoda barazani mwa jiko, ameinamisha kichwa, na mimi nilizunguka na nyundo. Kila bomba mara tatu: chini, katikati, na juu kadiri nyundo ilivyofika nikiifunga kwenye fimbo. Yeye alisikiliza, akasema "zima," au "rudia." Majirani walizoea. Mzee asiyeona anayesikiliza nyumba yake, walisema, na walikuwa wanajivunia, kama mtu anavyojivunia kitu cha ajabu cha mtaani kwake.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi. Chumba cha chini cha nyuma alikuwa amepanga mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi saba. Mume alikuwa kazini Isaka, akishughulika na mizigo, akija Jumapili. Mwalimu alikuwa mpole, na hakunifundisha mimi, kwa hiyo nilimpenda bila woga. Alipokwenda shule mchana, mtoto alibaki na Bibi, akilala chumbani mwao mlango ukiwa wazi. Tangu masika yaliyopita Mwalimu alikuwa akisema ukuta wake una harufu ya unyevu, na rangi inavimba karibu na kitanda.

Bomba lililopita nyuma ya ukuta huo lilikuwa la nne. Lilikuwa ndani ya kichochoro, kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, mahali pembamba ambapo mtu mzima alipita kiubavu. Guku mwenyewe alikuwa hajaingia humo tangu macho yalipoharibika. Na mwaka ule nyigu walikuwa wamejenga humo. Nilijua kwa sababu wiki moja kabla niliingia kufuata mpira nikaumwa mara mbili shingoni.

Siku ya kugonga ilikuwa Jumanne. La kwanza likalia vizuri, la pili likalia, la tatu, lililosimama pembeni kabisa mwa nyumba, likalia. Nikafika mdomoni mwa kichochoro. Niliwaona nyigu wakitoka na kuingia nyuma ya bomba la nne, kama hatua sita kutoka niliposimama. Sikutafakari sana. Niligeuka, nikanyoosha fimbo, nikaligonga tena bomba la tatu kwa upande wa pili. Chini, katikati, juu.



"Hilo ni la nne?" akauliza kutoka barazani.

"Ndiyo, Guku."

"Linasemaje?"

"Linalia vizuri."

"Haya," akasema. "Nenda la tano."

Nikagonga la tano, kazi ikaisha. Bibi akanipa togwa. Nakumbuka ilikuwa tamu sana na nilikunywa bakuli mbili.

Jioni tukila ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, Guku alisema bila kunigeuzia uso, "Mayu, huna la kuniambia?" Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo akiwa ametulia.

"Sina, Guku."

Jumatano asubuhi nilimpelekea maji ya kunawa. Akalowesha mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Hebu nikumbushe," akasema. "Bomba la nne. Sauti ilikawia au haikukawia?"

"Ilikawia."

"Ilikawia kiasi gani?"

"Kama la tatu."

"Kama la tatu," akarudia. Akachukua taulo begani mwangu. Nilifikiri anazeeka, anasahau.

Alhamisi saa nane mchana ikanyesha. Haikuwa imetarajiwa. Wingu lilitokea upande wa Ibadakuli, likafika juu yetu kabla watu hawajaanua unga. Ilikuwa mvua ya matone makubwa, yenye upepo, ya aina ile inayofanya bati liungurume hadi watu wanaacha kuongea. Nilikuwa barazani na Bibi tukichambua choroko. Tulisikia maji yakianza kushuka kwenye mabomba, kila moja kwa sauti yake, na tangi likaanza kugugumia chini ya ua. Bibi alitabasamu. Guku hakutabasamu. Alikuwa amesimama, mkono umeshika nguzo.

Kisha tukasikia kishindo nyuma. Hakikuwa kikubwa kama unavyodhani. Kilikuwa kama gunia la nafaka linalotupwa kutoka kwenye lori, na baada yake maji yakimwagika mahali ambapo hayapaswi kumwagika.

Bibi alikuwa na umri mkubwa na miguu mibovu, lakini alifika chumbani kwa Mwalimu kabla yangu. Nilipofika mlangoni niliona mwanga mahali pasipokuwa na dirisha. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefunguka kutoka chini hadi kimo cha mtu. Tofali zilikuwa sakafuni, lundo lenye matope, na maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu kutoka kwenye bomba lililopasuka. Lundo lile lilikuwa pale hasa ambapo siku zote kilikuwa kitanda.

Kitanda kilikuwa upande wa pili, kimebanwa kwenye mlango wa kabati. Mtoto alikuwa juu yake, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele, amefumba macho, anapiga kelele. Bibi akamchukua, akampapasa kichwa, mikono, miguu, akamgeuza, akampapasa tena.

Guku alikuwa amefika mlangoni akifuata ukuta. "Mtoto?" akauliza.

"Mzima," Bibi akasema.

Akakaa chini palepale sakafuni kwenye maji. Sikuwahi kumwona akikaa chini bila kigoda.

Mwalimu alipofika, amelowa, viatu mkononi, alimkumbatia mtoto. Mimi nilisimama pembeni nikikitazama kitanda. Niliona ni bahati. Nilifikiri Mwalimu alikisogeza kwa ajili ya kufagia akasahau kukirudisha, na nikamshukuru Mungu kwa kusahau kwake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na nilikaa na maelezo hayo miaka mingi.

Jumamosi alikuja fundi kutoka Isaka, mzee aliyefanya kazi reli, mtu pekee ambaye Guku alimruhusu kufungua mabomba yake. Alifukuza nyigu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, akafungua masikio, akalilaza bomba la nne uani. Nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Kisogoni kulikuwa na ufa mrefu kama mkono wa mtu mzima, na kutu imekula kingo zake hadi zikawa nyembamba kama ganda la yai. Kiwiko cha chini kilikuwa kimezibwa na majani na tope la nyigu. Maji yalikosa njia, yakajaa, yakapasua palipokuwa dhaifu, na ukuta ulikuwa umeshalowa tangu masika.

Fundi alichukua nyundo akaligonga. Lilikohoa.

"Hili lilikufa zamani," akasema. "Aliyeligonga mwaka huu alikuwa nani? Hata kiziwi angejua."

Watu hawakunitazama mimi. Walimtazama Guku, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sikio. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba shati lake liligusa bega langu. Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua, na kwamba ulikuwa na ladha ya vumbi la kutu.

Guku akawahi. "Nilisikiliza mimi," akasema. "Sikio nalo limezeeka."

Fundi akainamisha kichwa. "Pole, mzee."

"Wabeja," Guku akajibu. Asante. Na ndiyo ikawa hukumu.

Ukuta ulijengwa upya kwa saruji, na mahali pa bomba la nne pakawekwa bomba la bati jepesi, kwa kuwa la chuma cha kusubu halikupatikana Shinyanga wala Mwanza. Mwalimu alihamia chumba cha mbele. Mwaka uliofuata, Oktoba ilipofika, Bibi aliita kijana wa mjini akapaka rangi siku moja akamaliza. Hakugonga kitu. Guku alikaa juu chumbani na redio. Watu wa mtaani, wale wale waliojivunia, walisema mzee sasa hasikii, na walianza kuongea naye kwa kupaza sauti, mdomo karibu na uso wake, kama anavyosemeshwa mtu aliye mbali. Aliwajibu kwa upole. Alisikia hata kuku akitua kwenye nyasi.

Alikuwa akiniuliza mara mojamoja, wakati nampelekea chai au namkata kucha, "Mayu, huna la kuniambia?" Nilikuwa nimeshaelewa swali wakati huo. Kila mara nilisema sina. Kadiri muda ulivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema jana, na juzi. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili alilala akaamka na kifua, na siku ya nne hakuamka. Walimzika kijijini kwao.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Shinyanga kwa shughuli zangu, nikapitia zahanati kupima presha. Kwenye benchi alikaa mwanamke mwenye mvi, mkoba mapajani. Nilimtambua kwa namna alivyokunja mikono. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba, akanitazama sana, kisha akapiga kofi la furaha hadi wagonjwa wakageuka. Mtoto wake sasa anaendesha malori ya mizigo kutoka Isaka kwenda nchi za jirani, ana watoto watatu. Tukaongea, tukafika kwenye nyumba, tukafika kwenye ukuta.

"Babu yako alituokoa," akasema.

Nikamuuliza kivipi.

Akanishangaa. "Hukuambiwa? Alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, jioni ile mliyogonga mabomba. Anapapasa ukuta. Akaniambia, 'Mwalimu, sogeza kitanda upande wa pili leo hii, usingoje kesho. Bomba la nyuma halikugongwa. Mjukuu wangu ameogopa kitu huko.' Nikamwambia basi tumwite aseme. Akakataa. Akasema ameshatuma salamu kwa fundi Isaka aje Jumamosi, na mimi nisikuguse, nisikuulize. 'Nimelisikia la tatu likijibu mara mbili. Muache. Atakuja mwenyewe.'"

Muuguzi akaita jina, halikuwa la yeyote kati yetu.

Nimelitazama jambo hili kwa kila upande tangu siku hiyo. Kuna siku namwona Guku mtu mkubwa kuliko wote niliowajua. Kuna siku naona alikosea, mzee mwenye kiburi aliyengoja neno la mtoto siku mbili nzima huku ukuta ukiwa umelowa, wakati Bibi angeweza kunivuta sikio yakaisha. Nilijaribu kumkasirikia. Hasira haikukaa.

"Ulikwenda?" Mwalimu aliniuliza pale kwenye benchi. "Mwisho ulikwenda ukamwambia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwambia."

Akanishika mkono. "Nilijua tu. Alikuwa na hakika nawe."

Nilipotoka zahanati nilipita mtaa ule. Pale palipokuwa na nyumba kuna fremu za maduka, sita zimepangana, ya simu, ya nywele, ya vipuri vya pikipiki. Waliibomoa baada ya Bibi kufa, wajomba walikubaliana. Tangi limefukiwa, na juu yake wameweka zege ambapo bodaboda wanangoja abiria. Nilimuuliza mmoja kama anajua hapa palikuwa na nini. Akasema amekuta hivi hivi. Mabomba yalikatwa vipande yakauzwa kama chuma chakavu, na yule mzee wa Isaka aliyejua kuyafungua naye alikwisha kuondoka duniani. Nadhani katika mji ule hakuna tena mtu anayejua kwamba ukuta unaweza kusikilizwa. Sijui kama ni hasara kubwa. Watu wanaishi, mvua inanyesha, maji yanashuka.

Ila wa kumwambia hakuna tena, wala mahali pa kusimama nikamwambia. Basi nimekwambia wewe. Sikuligonga. Niliwaogopa nyigu.